Mpira Uliopotea Katika Mawe Meusi



Leo nataka kuwapeleka mbali, katika kisiwa kimoja cha bahari kubwa ya Pasifiki, mahali ambapo watu wanacheza golfu kati ya mawe ya volkano. Najua wengine watacheka na kusema: "Mchungaji na golfu, ni wapi na wapi?" Kwetu golfu ni mchezo wa wakubwa wa kampuni. Ni kweli. Lakini wale waliokulia katika miji yetu wanajua kwamba uwanja wa golfu haukuwa mbali na makambi ya wafanyakazi, na sisi watoto tuliingia mle kwa mlango wa kazi. Tulibeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Tuliitwa ma-kadi. Mimi nilibeba mifuko tangu nikiwa na miaka 10, na katika kubeba huko nilifanya jambo moja ambalo nilidhani nimekwisha kulisahau. Mawe ya kule ndiyo yaliyonikumbusha. Nitalisema mahali pake.

KISIWA KILICHOZALIWA NA MOTO

Kisiwa hicho kinaitwa Hawaii. Ndicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya jina hilo, ambavyo kwa pamoja ni jimbo la 50 la Marekani. Kimejengwa na milima mitano ya moto iliyoota kutoka chini ya bahari. Mrefu kuliko yote ni Mauna Kea, meta 4,207, na wakati wa baridi theluji inaanguka huko juu wakati watu wa pwani wanaoga baharini. Jirani yake Mauna Loa ana meta 4,169, tena ni mpana sana, mpaka ukimtazama kutoka mbali unadhani ni kilima cha kawaida tu.

Milima hiyo haijalala yote. Mwaka 2018 mlima Kilauea ulimwaga lava iliyoteketeza nyumba zaidi ya 700. Tarehe 27 mwezi wa 11 mwaka 2022, Mauna Loa nao uliamka baada ya kunyamaza miaka 38. Ndugu zetu wa Goma hawahitaji kufundishwa mambo haya. Wao waliona Nyiragongo mwaka 1977, wakaona tena mwaka 2002 lava ilipokata mji na kufika ziwani, na tena mwaka 2021. Wanajua vile jiwe linavyotembea kama uji, na vile linavyopoa na kuwa jeusi.

Nilifika kule mwezi wa pili wa mwaka 2024, kwa ajili ya mkutano wa wachungaji katika mji wa Kailua-Kona. Ndege ilipokuwa inashuka nilichungulia dirishani, nikashtuka. Hakukuwa na majani, hakukuwa na miti, ila weusi mtupu mpaka baharini. Nilidhani tunashuka juu ya ule mlima mweusi wa Lubumbashi, karibu na bomba refu la moshi. Kwa kweli vitu hivi viwili ni ndugu. Mlima wa Lubumbashi ni takataka ya tanuru ya shaba, jiwe lililoyeyuka kwa moto wa watu, likamwagwa, likapoa. Lava ni jiwe lililoyeyuka kwa moto wa chini ya dunia, kwa joto la digrii 1,100 hivi, likamwagika lenyewe, likapoa. Uwanja wa ndege wa Kona ulifunguliwa mwaka 1970, juu ya lava ambayo mlima Hualalai uliitapika mwaka 1801. Ilibidi kupasua mawe yale kwa baruti, sawa vile tunavyopasua katika karyeri zetu.

MAWE YA AINA MBILI

Wenyeji wa Hawaii wana majina mawili ya lava, na wataalamu wa mawe wa dunia nzima wameyachukua majina hayo. Ile laini, iliyopoa kama kamba zilizokunjwa au kama uso wa uji, wanaiita pahoehoe. Juu yake unaweza kutembea. Ile nyingine, iliyovunjika-vunjika, yenye meno kama chupa zilizopasuka, wanaiita aa. Ukikanyaga aa kwa viatu vya kawaida, soli inakatika. Ukianguka, mikono inatoka damu.

Nilimwuliza mwenyeji wetu mmoja: "Lava hii ilitoka mwaka jana?" Akacheka. Akasema kwamba nyingine tunazoziona pale ni za mamia ya miaka. Sikuamini, maana zilionekana mpya, sawa kama zimepoa asubuhi ile. Akanieleza sababu. Katika kisiwa kile upepo unatoka mashariki na kuleta mawingu. Milima mirefu inayazuia, basi mvua yote inaanguka upande wa mashariki. Mji wa Hilo, ulio upande huo, unapata zaidi ya milimeta 3,000 za mvua kwa mwaka. Pwani ya magharibi, inayoitwa Kohala, haipati hata 300. Kwetu Lubumbashi tunapata karibu 1,200, mpime wenyewe.

Basi kule kwenye mvua, lava inavunjika polepole, mimea midogo inashika, kisha miti, na mwishowe ni msitu. Lakini kule kwenye ukavu, jiwe linabaki vile lilivyopoa. Miaka inapita, lakini meno yake hayapungui. Niliandika neno hili katika daftari langu. Sikujua bado litanisaidia wapi.

Watu wa kisiwa hawakuyadharau mawe hayo. Siku ya Jumapili tuliingia katika kanisa la Mokuaikaua, pale Kailua, lililojengwa mwaka 1837. Kuta zake ni mawe ya lava, yameshikwa kwa chokaa iliyotoka katika matumbawe ya bahari yaliyochomwa. Kando ya pwani kuna mabwawa ambayo wazee wa zamani walijenga kwa kuta za lava ili kufuga samaki. Karibu na Puako kuna mahali ambapo walichora juu ya pahoehoe picha za watu, mitumbwi na alama nyingine, zipatazo 3,000. Na kando ya barabara kubwa vijana wa leo wanaokota vipande vyeupe vya matumbawe na kuandika majina yao juu ya lava nyeusi. Unasoma majina hayo kilometa na kilometa, sawa na ubao mweusi wa shule na chaki.

VILE WALIVYOPANDA MAJANI

Baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa lililotupokea akanikaribia. Ni mtu wa asili ya Ufilipino, mwenye karibu miaka 80. Baba yake aliletwa kisiwani kukata miwa. Mashamba ya miwa yalikuwa kule kama mgodi ulivyo kwetu: kampuni, kambi, filimbi ya asubuhi, duka la kampuni. Katika kisiwa kile kiwanda cha mwisho cha sukari kilifungwa mwaka 1996, na watu wengi wakabaki mikono mitupu. Mzee huyu alikuwa ameondoka mapema katika miwa, akajifunza kuendesha buldoza. Aliposikia kwamba natoka katika nchi ya shaba, na kwamba nikiwa mtoto nilibeba mifuko ya golfu, akanishika mkono. Akasema: "Kesho utacheza na mimi. Nataka uone kazi ya mikono yangu."

Njiani alinieleza jinsi ilivyoanza. Mtu wa kwanza kufikiri kwamba uwanja mkubwa wa golfu unaweza kuota katika pwani ile kavu alikuwa tajiri Laurance Rockefeller. Alimwita mchoraji wa viwanja, Robert Trent Jones. Hapakuwa na udongo wa kutosha kupanda majani. Jones akajaribu kuvunja lava yenyewe mpaka ikawa vumbi na changarawe ndogo, akaona kwamba ukiimwagilia maji, majani yanashika. Uwanja huo, unaoitwa Mauna Kea, ulifunguliwa mwaka 1964, na mwaka huo huo wachezaji watatu mashuhuri, Arnold Palmer, Gary Player na Jack Nicklaus, wakaja kushindana pale. Tangu siku hizo watu wakaamini kwamba jambo linawezekana.

Uwanja ambao mzee alinipeleka ni wa pwani hiyo hiyo, unaitwa Mauna Lani. Ulifunguliwa mwaka 1981, ukapewa jina la Francis Ii Brown, mwenyeji wa visiwa, mjukuu wa mchifu, ambaye alikuwa mwenye ardhi ile. Brown mwenyewe alikuwa bingwa wa golfu. Mwaka 1930 alishinda mashindano ya jimbo la California. Alifariki mwaka 1976, hakuuona uwanja wenye jina lake. Kisha, mwaka 1991, uwanja ukapanuliwa ukawa miwili, wa kaskazini na wa kusini, kila mmoja na mashimo 18.

"Kazi yenyewe mlifanyaje?" nikauliza.

"Sawa na ninyi katika mgodi," akasema. "Kwanza buldoza linararua kwa jino la nyuma. Kisha unapita juu yake, unarudi, unapita tena, uzito wa minyororo unavunja jiwe. Unaendelea mpaka linakuwa dogo. Kisha changarawe nyembamba juu, na udongo kidogo. Kisha mabomba ya maji. Kisha tunapanda vipande vya majani, si mbegu. Kila kipande kwa zamu yake."

Nilinyamaza. Nilikuwa ninawaza mashimo yetu. Buldoza lile lile, baruti ile ile, mikono ile ile ya watoto wa wafanyakazi. Sisi tunavunja jiwe ili kutoa kitu ndani yake, na shimo linabaki. Wao walivunja jiwe ili kuweka kitu juu yake.

Lakini sitaki mfikiri kwamba pale ni paradiso. Majani yale yanaishi kwa maji ya kumwagiliwa tu, katika nchi ambayo haina mvua. Siku watakapofunga bomba, weusi utarudi. Na bei ya mgeni kucheza mara moja tu ingelipa minerval ya watoto wengi kwetu. Wenyeji wanapewa bei ya chini, hata hivyo wengi wanaofagia vyumba vya mahoteli ya pale hawachezi. Mimi nilicheza kwa sababu mzee alinilipia, na nilimshukuru.

KATI YA MAJANI NA MENO YA JIWE

Tulianza saa moja asubuhi. Nilipofika mahali pa kuanzia nikatetemeka. Mbele yangu kulikuwa na ulimi mrefu wa majani mabichi, mororo kama zulia. Kushoto aa nyeusi, kulia aa nyeusi, imesimama kama mawimbi yaliyogeuka jiwe. Mbele kabisa, bahari ya buluu. Nyuma, Mauna Kea na kofia yake nyeupe. Rangi nne tu: nyeusi, kijani, buluu na nyeupe. Vijana wa televisheni wangesema imepakwa rangi.

Katika uwanja wa kawaida ukikosea, mpira unaingia katika nyasi ndefu au chini ya mti. Unautafuta, unaupiga tena. Kule kosa dogo halisamehewi. Mpira ukigusa lava unaruka hovyo, mara unarudi katika majani kwa bahati, mara unaruka juu kama panzi na kupotea katika tundu lisilo na mwisho. Kando kando wamepiga vijiti vyekundu. Mpira ukivuka vijiti, una njia mbili. Unaweza kuupiga pale ulipo kama unaweza, lakini fimbo itavunjika na jiwe litakurudishia mpira usoni. Au unakubali adhabu ya pigo 1, unaweka mpira mwingine karibu na mahali ulipovukia, unaendelea. Mzee alinionya: "Usiingie kufuata mpira. Mpira ni wa pesa kidogo. Mguu ni wa pesa nyingi."

Kufika shimo la 9 nilikuwa nimepoteza mipira 5. Mzee alikuwa amepoteza 1. Yeye hakupiga mbali, alipiga katikati. Nilimwona kila mara anatazama kwanza majani, si lava. Nikamwuliza siri yake. Akasema: "Ukitazama lava, mikono inapiga lava."

Tuliona bata-mwitu wa visiwa vile, anayeitwa nene, akila majani bila kuogopa. Zamani kidogo, karibu mwaka 1950, walikuwa wamebaki karibu 30 tu katika dunia nzima. Watu wakawalinda, wakawafuga, wakawaachilia, na leo wanatembea katika viwanja vya golfu kama kuku wa jirani. Katika shimo la 15 ilibidi kupiga mpira juu ya maji ya bahari, kutoka jiwe mpaka jiwe. Wakati tulipokuwa tunangoja zamu, nyangumi akatoa pumzi yake mbali, moshi mweupe juu ya maji. Wanakuja pale kuzaa katika miezi ya baridi. Nilisahau golfu kabisa, na mpira wangu ukaenda kwa nyangumi.

MGUU WANGU

Sasa nifike katika jambo nililoahidi.

Katika shimo la 16 mpira wangu uliruka kulia, nyuma ya kichuguu cha lava. Mzee alikuwa upande mwingine, mgongo wake kwangu. Nilizunguka kichuguu, nikauona. Ulikuwa umelala ndani ya vijiti vyekundu, katika mfuko mdogo wa jiwe, hatua mbili tu kutoka katika majani. Haukupigika. Lakini kwa ncha ya kiatu ungesogea. Sukuma moja, na ungekuwa katika majani mazuri. Hakuna aliyeona. Mguu wangu ulikwisha kuinuka, wapendwa. Nawaambia kweli. Ulinuka kabla sijafikiri, sababu mguu huo ulikuwa umejifunza kazi hiyo zamani.

Ilikuwa mwaka 1990. Nilikuwa na miaka 11. Kampuni haikuwa imemlipa baba mshahara kwa miezi 4, na nyumbani tulikula mara moja kwa siku. Siku moja, baada ya mvua, mimi na rafiki yangu tulibeba mifuko ya wachezaji wawili waliocheza pamoja. Patron wangu akapiga vibaya, mpira ukaanguka katika majani marefu yenye matope. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Niliuona. Nikaukanyaga kwa mguu mtupu, nikausukuma chini katika tope, nikasimama juu yake.

"Mutoto, ile mpira iko wapi?"

"Patron, siyione."

Wakati ule sheria ya golfu ilimpa mchezaji dakika 5 za kutafuta. (Tangu mwaka 2019 ni dakika 3.) Dakika 5 hizo nilisimama. Wote walitafuta, hata rafiki yangu, amepiga magoti katika maji. Mwishowe patron akakasirika. Akasema sisi ni wezi. Kapita wa ma-kadi akaitwa, akatupapasa. Kwangu hakukuta kitu. Katika mfuko wa kaptula ya rafiki yangu akakuta mpira mmoja mzee, aliopewa na mchezaji mwingine juma lililopita. Rafiki yangu alijaribu kueleza. Hakuna aliyemsikiliza. Kapita akamnyang'anya namba yake, akamfukuza, akamwambia asirudi tena.

Mimi nilisimama tu. Jioni nilirudi, nikauchimbua mpira, nikauuza. Nikanunua unga wa bukari na dagaa kidogo. Mama alishukuru Mungu, hakuuliza. Nilikula bukari ile, lakini haikushuka vizuri.

Mwaka uliofuata rafiki yangu hakurudi shuleni. Sisemi ni kwa sababu ya mpira ule peke yake, maana mwaka huo watoto wengi hawakurudi. Lakini pesa za mifuko ndizo zilizomnunulia madaftari, hilo nililijua. Baadaye, mgodi ulipolala, akawa mchimbaji wa mikono. Mimi niliendelea na masomo, nikaenda shule ya Biblia, nikawa mchungaji. Tulikutana mara nyingi barabarani. Tulisalimiana, tulicheka. Miaka 33 sikusema neno.

Basi pale, kati ya aa, mguu ukiwa juu, nikakumbuka kile nilichoandika katika daftari: mahali pasipo mvua, meno ya jiwe hayapungui. Nikaushusha mguu. Nikamwita mzee kwa sauti: "Mpira uko ndani ya vijiti. Naongeza pigo 1." Akajibu tu: "Sawa." Kwake lilikuwa jambo dogo. Hesabu yangu ya siku hiyo ilikuwa mbaya sana, sitaiandika hapa watoto wangu wasiisome.

Tulipomaliza, tulikaa chini ya mti, nikamweleza mzee habari yote, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunifariji, hakunilaumu. Aliuliza swali moja: "Rafiki yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi," akasema, akaanza kufunga fimbo zake.

NYUMBANI

Juma la kwanza nilipofika kwetu, nilikwenda kwa rafiki yangu. Nilimkuta ameketi nje, anatengeneza baiskeli ya mtoto wake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kama mahubiri. Yote yalinipotea. Nikasema tu: "Ule mpira wa 1990, mimi niliukanyaga."

Aliendelea kukaza nati. Kisha akasema: "Nilijuaka."

"Ulijuaka namna gani?"

"Nilikuonaka weye unasimama sawa muti. Mutoto wa miaka 11 hawezi kusimama vile dakika tano kama hana kitu chini ya mguu."

Nikamwuliza juu ya nini hakusema. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Baba yako alikuwa hayalipwa. Mama yangu alikuwa anauzisha mafuta ku soko, tulikuwa tunakula. Nikawaza: nikisema, watatufukuza wote wawili." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini nilingojaka useme. Mwaka wa kwanza nilingoja sana. Kisha nikaacha kungoja."

Neno hilo la mwisho lilinikata kuliko aa yoyote. Sikuwa na jibu. Nilichukua spana nyingine, nikamshikia gurudumu, tukamaliza baiskeli pamoja. Jua lilipozama, mke wake akatuletea bukari, tukala katika sahani moja. Sisemi kwamba kila kitu kimekwisha. Msitu hauoti juu ya lava kwa siku moja. Lakini mvua imeanza kunyesha. Yeye mwenyewe aliniruhusu kuandika habari hii, mradi nisitaje jina lake, na alitaka nieleze vizuri kwamba mpira uliokuwa katika mfuko wake ulikuwa wake kwa haki. Nimeeleza.

Vijana, pengine hamtafika Hawaii, na pengine hamtashika fimbo ya golfu. Si kitu. Lakini wengi wenu mmesimama mahali fulani, mnajifanya mnatafuta pamoja na wengine, na mnajua kilicho chini ya mguu. Pengine ni pesa za nyumbani, pengine ni karatasi ya mtihani, pengine ni neno lililomwangusha mwenzako. Msingoje miaka 33 kama mimi. Yule mnayemdanganya anaweza kuwa amekwisha kuona, naye anangoja. Inueni mguu mapema, wakati bado anangoja.